Mikopo si mkosaji pekee

Ndugu, unasema ada za vyuo Marekani zimepanda kwa sababu moja tu: serikali inakopesha wanafunzi ovyo. Hoja hiyo ina mashiko, na si ya jana. William Bennett aliitoa mwaka 1987 akiwa Waziri wa Elimu. Inasimama vizuri hasa kwa vyuo vinavyoendeshwa kwa faida, na kwa masomo ya baada ya shahada ya kwanza. Kuanzia 2006 wanafunzi wa ngazi hiyo waliruhusiwa kukopa hadi gharama yote ambayo chuo chenyewe kimeitaja. Chuo kinapanga bei, serikali inalipa, kijana anabaki na deni. Hiyo ni haki?

Lakini wengi wanasoma vyuo vya umma, na huko majimbo ndiyo yaliyokuwa yakibeba sehemu kubwa ya gharama. Baada ya mdororo wa uchumi wa 2008 majimbo mengi yalikata ruzuku, wakati huohuo watu waliokosa kazi wakifurika vyuoni. Pengo likahamishiwa kwenye ada. Hapo mkopo uliziba tundu lililotobolewa na bajeti ya jimbo.

Ukifuta mikopo bila kurudisha ruzuku (na sheria ya 2025 tayari imewawekea ukomo wa kukopa wanafunzi wa baada ya shahada ya kwanza), mtoto wa maskini ndiye atakayebaki nje. Wa tajiri atalipa taslimu. Mimi ningeanza kwa kuvibana vyuo ambavyo wahitimu wake wanashindwa kulipa madeni.