Kaa mwenye uso wa buluu: je, ni spishi mpya?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nafanya kazi na kikundi cha kunenepesha kaa koko huku Kwale. Bamvua iliyopita, maji yalipokupwa, niliona chini ya mikoko kaa wadogo, upana wa vidole viwili hivi, wana utepe wa buluu unaong'aa usoni chini ya macho. Nimewatafuta katika mwongozo nilio nao, hawamo. Watatu nimewatia kwenye formalini. Nauliza: mtu huthibitishaje kwamba amepata spishi mpya? Ikiwa ni mpya, naweza kuipa jina la marehemu babu yangu aliyenifundisha mambo ya mikoko? Na mbona kaa mmoja naona vitabu viwili vinamwita kwa majina mawili tofauti?

JIBU: Marahaba. Nianze na habari ambayo huenda isikufurahishe: kaa wako yamkini ana jina tangu mwaka 2004. Ila jina lenyewe ni la kwenu. David Gillikin na Christoph Schubart walipomweleza kaa huyo wa mikoko ya Afrika Mashariki walimwita Perisesarma samawati, kwa sababu ya rangi ya utepe huo wa usoni. Kabla ya hapo wataalamu walidhani jenasi hiyo (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na ndiyo neno la kwanza la jina) ina spishi moja tu pwani yetu, Perisesarma guttatum, mwenye magando mekundu. Kwa hiyo samawati hakuwa amejificha popote. Wakata boriti walimpita kila siku, na watafiti nao, wakimhesabu kuwa ni guttatum.

Nasema "yamkini" kwa sababu sijamwona wako, na rangi peke yake hainitoshi. Lakini kisa hicho kinajibu nusu ya swali lako la kwanza. Anayefukua tope anapata kaa. Kama ni spishi mpya au la, hilo hujulikana mezani, baada ya kumlinganisha na kila ndugu yake aliyekwisha kupewa jina. Mzigo wa kuthibitisha ni wako: wewe ndiye wa kuonyesha kwamba hakuna aliyekutangulia. Na waliotangulia ni wengi. Orodha ya kaa wa dunia iliyotolewa mwaka 2008 ilikuwa na spishi 6,793, bila kuhesabu kamba, uduvi na wenzao. Wapo wanaojitangaza wenyewe, kama Kiwa hirsuta, yule mwenye magando ya manyoya aliyepatikana mwaka 2005 kwenye kina cha mita zaidi ya 2,000 kusini mwa Kisiwa cha Easter, ambaye ilibidi aundiwe familia yake mpya. Wengi si hivyo. Neoglyphea inopinata, mnyama wa jamii ya kaa na kamba, alivuliwa Ufilipino mwaka 1908 na meli ya utafiti ya Marekani, akakaa ndani ya chupa kwenye makumbusho ya Smithsonian mpaka mwaka 1975, ndipo Wafaransa wawili walipotambua kwamba ni wa kundi lililodhaniwa limekwisha toweka tangu zama za visukuku. Miaka 67 alikuwa "amepatikana", na hakuna aliyejua kimepatikana nini.

Sasa hao watatu wako. Formalini si kosa la dhambi, wazee wetu wote wa fani hii waliitumia, lakini imekufungia mlango mmoja: inaharibu DNA, na ikiwa ina asidi hula chokaa ya gamba taratibu. Usiwatupe, kwa maumbo bado wanafaa. Bamvua ijayo kamata wengine, na hao uwatie kwenye ethanoli ya asilimia 95. Usimtie kaa akiwa hai. Atatupa miguu na magando yote, na utabaki na gamba na rundo la vijiti usiojua ni vya nani. Mlaze kwanza kwenye barafu mpaka alegee kabisa. Baada ya siku moja badilisha ethanoli, maana maji ya mwilini mwake yameizimua.

Kabla ya yote hayo, mpige picha angali mbichi: usoni, mgongoni, tumboni, na magando kwa karibu, kando yake ukiweka rula. Huo utepe uliokuvutia hautakaa. Ethanoli huunyonya rangi, na baada ya miezi michache samawati na guttatum wote huwa na rangi ya chai ya maziwa.

Lebo iandike kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, uitie ndani ya chupa pamoja na kaa. Andika mahali kamili, tarehe, aliyekamata, na hali ya pale: juu ya mizizi ya mkoko, ndani ya shimo kwenye tope la mchu, au wapi. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika lebo za safari nzima kwa kalamu ya wino. Wino ukayeyuka. Nikarudi na chupa thelathini za kaa wazuri na karatasi thelathini nyeupe, na mwalimu wangu akaniambia hao sasa ni kitoweo tu, na hata kuliwa hawaliki.

Ukishawapata, wageuze mgongo chini. Mkia uliokunjwa chini ya tumbo, ukiwa mwembamba kama pembetatu, huyo ni dume. Ukiwa mpana wa mviringo unaofunika tumbo, ni jike. Unahitaji madume. Ukiinua huo mkia wa dume kwa ncha ya sindano utaona vijiti viwili vigumu vimelala kifuani. Hizo ni gonopodi, viungo vya kupandia, na umbo la ncha yake ndilo tunaloliamini kuliko rangi na ukubwa. Iweke chini ya hadubini: je, ncha imenyooka au imepinda, ina pembe kama mfupa, nywele zimeanzia wapi? Mbona kwenye magazeti hawaonyeshi hicho, wanaonyesha macho na magando? Ni kwa sababu picha ya gonopodi haiuzi gazeti.

Halafu tazama sehemu ya juu ya gando la dume. Kaa wa ukoo huu wana safu ya vinundu kwenye kidole kinachochezeka, na tunavihesabu kimoja kimoja. Pima upana wa gamba kwa milimita. Fanya hivyo kwa kaa kumi au ishirini, si mmoja, maana mmoja anaweza kuwa kilema, kijana, au ametoka kujivua gamba.

DNA huja hapo, si kabla. Kipande cha nyama ya mguu mmoja kinatosha. Tunasoma sehemu ya jeni iitwayo COI, yenye herufi kama 650, na kuilinganisha na zilizo kwenye hifadhi za wazi za kimataifa. Watu huniuliza tofauti ya asilimia ngapi inatosha kuwa spishi mpya. Hakuna asilimia hiyo. Tena krasteshia, yaani kaa, kamba na jamaa zao, wana mtego wao: nakala mfu za jeni hiyo hujipenyeza kwenye kiini cha seli, ukizisoma hizo unapata "spishi" isiyokuwepo. DNA inakuambia ukatazame upya wapi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Neosarmatium meinerti, kaa mkubwa wa kwenye mchu ambaye tafiti nyingi za Gazi, huko huko Kwale, zilimtaja kwa jina hilo lililotolewa mwaka 1887. Mwaka 2012 Ragionieri, Fratini na Schubart walionyesha kwamba chini ya jina hilo moja kulikuwa na spishi nne, na wa pwani yetu wakampa jina Neosarmatium africanum. Jeni ziliwatenganisha kwanza. Walipotazama tena miili, tofauti zilikuwepo, ndogo, zimepuuzwa miaka yote hiyo.

Kaa koko mnaowanenepesha walipitia hayo hayo. Mpaka mwaka 1998 kulikuwa na vurugu ya majina. Sasa jenasi Scylla ina spishi nne, na wenu ni Scylla serrata. Kifaranga kinachoagizwa kutoka Asia kinaweza kuwa spishi nyingine kabisa, kwa hiyo jihadharini na muuzaji asemaye "kaa ni kaa".

Mtego mwingine ni umri. Mtoto wa kaa hafanani na kaa. Anaelea baharini akiwa na miiba na macho makubwa, na zamani hatua hizo zilipewa majenasi yao, Zoea na Megalopa, kana kwamba ni wanyama wengine. Mwaka 1828 kiluwiluwi kimoja cha ajabu kilipewa jina Cerataspis monstrosa. Ni mwaka 2012 tu DNA ilipoonyesha kwamba ni mtoto wa kamba wa kina kirefu aliyekuwa akijulikana kwa jina lingine.

Kuhusu vitabu viwili na majina mawili: vyote vinaweza kuwa sahihi, kila kimoja kwa wakati wake. Jenasi Perisesarma ilitenganishwa na Parasesarma kwa jino moja dogo pembeni mwa gamba, nyuma ya jicho. Mwenye jino huku, asiye na jino kule. Kazi ya Shahdadi na Schubart ilionyesha kwamba jino hilo halifuati nasaba. Ni kama kugawa ukoo kwa kigezo cha wenye mwanya: utawatenga ndugu wa tumbo moja. Wengi wakahamishwa, na samawati leo ni Parasesarma samawati. Katika maandishi ya kitaalamu utaona majina ya Gillikin na Schubart na mwaka 2004 yamewekwa ndani ya mabano. Mabano hayo ndiyo alama ya kwamba spishi imehama jenasi tangu ilipoelezwa.

Sasa babu. Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama haikukatazi. Jina la mwanamume huongezwa i mwishoni, la mwanamke ae: jumai kwa Juma, mwanaishae kwa Mwanaisha. Babu Bakari atakuwa bakarii, ndiyo, i mbili. Jina likiwa ni sifa ya Kilatini hufuata jinsia ya jenasi, jambo ambalo Mswahili halimsumbui, sisi tuna ngeli: Neosarmatium ndiyo iliyoleta africanum, kama kisu kinavyoleta kikali. Samawati ni neno la Kiswahili, kwa hiyo halibadiliki hata jenasi ikibadilika. Kujipa jina lako mwenyewe nako hakukatazwi, ila wenzako watakucheka.

Jina halisimami kwa kutangazwa mkutanoni. Lazima lichapishwe, liseme wazi kwamba ni jipya, lieleze kinachomtofautisha mnyama, na liteue holotaipu, yaani sampuli moja inayobeba jina hilo daima, pamoja na makumbusho inakohifadhiwa. Tangu mwaka 2012 jarida la mtandaoni linakubalika, mradi kazi iwe imesajiliwa ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama. Ukifika huko, omba holotaipu ikae Nairobi, Makumbusho ya Taifa. Nyingi za pwani yetu ziko Ulaya, na nimewahi kusubiri miezi mitano nitumiwe picha ya gonopodi moja.

Kwa sasa fanya haya. Ongea na BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo ya wavuvi, na uulize kuhusu kibali kabla ya kukusanya zaidi, na kabla ya kutuma hata mguu mmoja nje ya nchi. Bamvua ijayo kamata madume sita na majike manne, upande wa baharini na upande wa nchi kavu, chupa mbalimbali. Kisha nitumie picha tatu: uso wa kaa aliye hai, gando la dume kutoka juu, na ubavu wa gamba nyuma ya jicho.