Dawa ya kukesha, mkono usiotetemeka na huruma ya kidonge: maadili ya fadhila yanajibu nini?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasomea ubingwa wa upasuaji, niko mwaka wa pili. Zamu zetu hufika saa 28 mfululizo. Wenzangu wawili humeza modafinili wasisinzie, na mmoja amenipa vidonge vinne nijaribu. Nimelipima jambo hili kwa zile kanuni nne za maadili ya tiba na sioni linakwama wapi: mwili ni wangu, mgonjwa anapata daktari aliye macho, madhara ni madogo, na simdhulumu mtu. Mhadhiri wetu anasema nilitazame kwa jicho la maadili ya fadhila, yaani tabia njema za mtu. Naomba kujua: nadharia hiyo inatoa jibu, au ni kumwambia mtu “uwe mwema” tu? Na siku ikitoka dawa ya kumpa daktari huruma, nayo itahesabika kuwa fadhila?

JIBU: Marahaba, daktari mwenzangu. Vidonge hivyo virudishe. Lakini ukivirudisha kwa kuniogopa mimi au mhadhiri wako utakuwa hujajibiwa, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Kanuni nne unazozisema, yaani kuheshimu uamuzi wa mtu, kutenda mema, kutodhuru na haki, zilipangwa hivyo na wataalamu wa maadili Tom Beauchamp na James Childress mwaka 1979. Mimi hukaa kwenye kamati ya maadili ya hospitali na hakipiti kikao bila kuzitumia. Zina kazi yake: hupima tendo, likaruhusiwa au likakataliwa. Maadili ya fadhila humtazama mtendaji. Tendo hili likirudiwa usiku baada ya usiku, litatutolea daktari wa namna gani? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale ambaye baba yake alikuwa tabibu, alishikilia kwamba fadhila hatuzaliwi nazo. Tunazipata kama fundi anavyoupata ufundi: mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga, na mwenye kiasi hupata kiasi kwa kujizuia mara nyingi hadi kujizuia kukawa tabia yake.

Unauliza kama huko si kumwambia mtu “uwe mwema” tu. Ingekuwa hivyo lau fadhila zingeachwa zielee hewani. Kinachozifikisha chini ni busara, ile akili ya kutambua jambo hili, kwa mtu huyu, saa hii, linadai nini. Aristotle alitoa mfano wa mkufunzi wa mieleka. Ikiwa ratili 10 za chakula ni nyingi na 2 ni kidogo, mkufunzi hapigi hesabu akampa kila mtu ratili 6. Kwa Milo, mwanamieleka aliyevuma kwa nguvu, hizo hazitoshi. Kwa anayeanza mazoezi zinazidi. Wewe mwenyewe unafanya hivyo kila unapopanga dozi. Sijasikia daktari akidai kwamba dozi haina jibu sahihi eti kwa sababu hutofautiana kwa kila mgonjwa.

Na busara ndiyo inayoguswa na modafinili. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa saa ya 26 ya zamu, alfajiri, namwandikia mofini ya mshipa mtoto wa kilo 15. Dozi yake niliijua kama jina langu: miligramu 1.5. Muuguzi akaipokea karatasi, akaitazama, asiondoke. Akaniambia, “Daktari, hebu nisomee kwa sauti.” Nikasoma. Miligramu 15. Nukta sikuiweka. Hakunigombeza, aliisogeza tu kalamu mbele yangu, nikasahihisha. Ninachotaka ukione hapo ni kilichotangulia kosa na kilicholifuata. Nilikuwa nimechoka na nilijua kwamba nimechoka, hata aliponiomba nisome sikubisha. Macho mazito, shingo kuuma, ulimi kukwama katikati ya sentensi: hizo zote zilikuwa zimeniambia tangu saa nane usiku nisiuamini mkono wangu mwenyewe.

Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa watu waliokoseshwa usingizi na kupewa modafinili. Ulionyesha jambo ambalo hunijia kila ninaposikia daktari anaitumia kukesha: dawa iliwafanya wajiamini kupita usahihi halisi wa kazi yao. Fikiria maana yake kwa mtu aliyeshika kisu. Kidonge huondoa usingizi, lakini deni la usingizi hakilipi, na pamoja na usingizi kinaweza kuondoka nacho kile kipimo cha ndani kinachokuambia, “Mwite mwenzako aangalie.” Ulipopima ukasema madhara ni madogo, ulihesabu kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio. Kupotelewa na uwezo wa kujua kwamba umepungua hukukuhesabu, na kwa kipimo cha fadhila hilo ndilo zito kuliko yote. Huhitaji kuwa mtu mbaya likupate. Unahitaji kurudia tu.

Usidhani nachukia dawa kwa kuwa ni dawa. Chukua propranololi, inayotuliza mapigo ya moyo na mtetemeko wa mkono. Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, mlengaji wa bastola wa Korea Kaskazini, Kim Jong-su, alinyang’anywa medali zake mbili baada ya dawa hiyo kuonekana katika vipimo vyake. Sasa tuseme bingwa wa upasuaji wa macho ana mtetemeko mdogo wa kurithi, anameza dozi ndogo asubuhi ya kazi, na wenzake wanajua. Dawa ni ileile, faida ni ileile ya mkono uliotulia. Mimi namlaumu mlengaji, huyu bingwa simlaumu, na sioni kwamba najipinga.

Kulenga shabaha ni mashindano ya utulivu. Kuituliza nafsi na mkono mbele ya umati ndiyo kazi yenyewe, ndiyo wema ulio ndani ya mchezo huo. Ukiununua kwa kidonge umebaki na medali, ambayo ni zawadi ya nje. Tofauti hii ya wema wa ndani ya kazi na malipo ya nje ilielezwa vizuri na mwanafalsafa Alasdair MacIntyre mwaka 1981, na kwangu ndicho chombo chenye makali kuliko vyote katika mjadala huu. Upasuaji haukuwekwa ili tushindane nani ametulia zaidi. Wema wake uko kwenye jicho la mgonjwa. Mkono ukitulia kwa dawa na jicho likaona, lengo la kazi limefikiwa na hakuna aliyedanganywa.

Hata hivyo geuza kidogo tu: mkono wa mwanafunzi unatetemeka kwa sababu mshono ule hajaufanyia mazoezi ya kutosha. Hapo propranololi inaficha kile ambacho mkufunzi wake alipaswa kukiona. Nimewahi kukaa na mwanafunzi wa namna hiyo, mwenye kipaji na hofu nyingi. Tulimwongezea saa za kushona vipande vya ngozi ya nguruwe, na miezi michache baadaye mtetemeko ulikuwa umekwisha. Lau angeuzima kwa dawa siku ya kwanza, tusingejua kwamba anahitaji zile saa.

Kwa sababu hii siegemei sana ule mstari unaochorwa kati ya kutibu na kuongeza uwezo wa mtu mwenye afya. Chanjo humwongezea uwezo mtu asiyeumwa, na hatumlaumu anayechanjwa. Nauliza badala yake: kinachoongezwa ni kipi, kinachukua nafasi ya nini, na siku kikiondolewa mtu atakuwa amebaki na nini mkononi?

Swali la mwisho kati ya hayo linatufaa hata kwenye mashine. Mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi kutoka vituo 4 vya Poland vya kupima utumbo mpana kwa kamera, ambako madaktari walianza kusaidiwa na akili mnemba kutambua vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani. Watafiti walitazama vipimo vilivyofanywa bila msaada huo, kabla haujaletwa na baada ya madaktari kuuzoea. Wagonjwa walioonekana na vivimbe walishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Ni uchunguzi wa kufuatilia rekodi, hauthibitishi peke yake kwamba mashine ndiyo chanzo. Lakini kama unaamini, kama ninavyoamini, kwamba umakini ni tabia inayojengwa kwa kutumika, namba hizo hazishangazi. Sisemi mashine zizimwe, kwa kuwa mgonjwa ambaye saratani yake imewahiwa hajali nani aliiona kwanza. Nasema zamu zipangwe ili jicho la daktari liendelee kutafuta lenyewe, na mashine iulizwe baadaye.

Sasa huruma ya kidonge. Kuna wanafalsafa, wakiwemo Ingmar Persson na Julian Savulescu, wanaotetea kwa dhati wazo la kuboresha maadili ya watu kwa njia za kibaiolojia, na hoja zao zinastahili kujibiwa kwa heshima. Jibu langu linatokana na masharti matatu aliyoyaweka Aristotle kabla ya kukubali kwamba tendo limetoka kwenye fadhila: mtu ajue anachotenda, akichague kwa ajili ya wema wake wenyewe, na akitende kutoka kwenye tabia thabiti. Kidonge kinaweza kugusa hisia. Kinaweza kuufanya moyo wako uende kwa mgonjwa upesi zaidi. Lakini mama anapokaa mbele yako na unapaswa kumwambia kwamba ujauzito umetoka, huruma ni kujua uketi kwanza, useme kwa sentensi fupi, kisha unyamaze kwa muda ambao wewe unauona mrefu na yeye anauhitaji. Ni kujua pia kwamba mgonjwa wa kitanda kinachofuata anakuhitaji ukiwa na macho makavu na mkono wa kupata mshipa. Nani, lini, kwa kiasi gani: hayo sioni kidonge kitayajuaje.

Hapa nakubali jambo moja bila kinyongo. Kuna watu ambao bila dawa hawawezi hata kuanza safari hiyo. Mtoto mwenye tatizo la umakini akipewa methilifenidati kwa usimamizi mzuri anaweza kukaa na kitabu nusu saa, na katika nusu saa hiyo akajifunza uvumilivu wa kweli, uvumilivu wake mwenyewe. Uvumilivu huo haukutoka kwenye kidonge, lakini bila kidonge usingepata pa kuanzia. Ikitoka dawa ya kumwondolea daktari ule ubaridi unaokuja na kuchoka moyo, nitaiuliza hivyohivyo: inamfungulia nafasi ya kujizoeza huruma, au inafanya ionekane kama huruma ipo?

Kuhusu wenzako wawili, usiwahukumu. Modafinili iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wa kusinzia ghafla. Wao wanaimeza kwa sababu ya ratiba. Ushujaa, nao ni fadhila, hapa una kazi isiyopendeza: kumwambia mkuu wa idara kwamba saa 28 zinatengeneza madaktari wasiojua kwamba wamechoka. Peke yako utaonekana mlalamishi. Mkiwa watatu, mkiwa na daftari la saa halisi mlizofanya na makosa madogo mliyoyakamata kila zamu, itakuwa vigumu kuwapuuza. Anza kuandika kwenye zamu yako ijayo, na usiku huo ukichoka, omba mtu akusomee dozi kwa sauti.