Maswali ya Wasomaji: Rupia ya Mombasa na Safari ya Marekani

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Marehemu nyanya yangu ametuachia bweta ambalo ndani yake tumekuta rupia moja ya fedha yenye jina la Mombasa na mwaka 1888, pesa kadhaa za shaba zenye picha ya mizani, na shilingi za simba zipatazo thelathini. Binamu yangu aliyeko Dubai ameshikilia kwamba nizipeleke zote Marekani zikapimwe daraja na kufungwa katika visanduku vya plastiki, kwani bila hivyo, asema, hazitapata mnunuzi wa maana. Mjomba naye ameanza kuisugua rupia kwa ndimu na majivu ili ing'are. Nishike la nani? – Bi. Msomaji, Kibokoni

JIBU: Wa alaikumu salaam, Bi. Msomaji. Kabla ya yote, mpokonye mjomba ndimu.

Sarafu ya fedha inapotoka kiwandani huwa na mistari midogo mno usoni, isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo huufanya mwanga uzunguke juu yake unapoiinamisha chini ya taa. Asidi ya ndimu huila mistari hiyo, na majivu huacha mikwaruzo myembamba kama unywele, yote ikielekea upande mmoja. Mpimaji huiona mikwaruzo hiyo kwa kitambo kidogo tu, na sarafu ya namna hiyo, hata ikiwa halisi kabisa, haipewi namba ya daraja. Huandikiwa kwamba ni ya kweli lakini imesafishwa, na bei yake hushuka. Hakuna fundi wa kuurudisha uso uliokwisha suguliwa. Weusi ule ambao mjomba anauona kuwa ni uchafu, mkusanyaji huulipia.

Sasa kuhusu Marekani. Mashirika mawili yanayotajwa zaidi ni PCGS, lililoanzishwa mwaka 1985, na NGC, lililofuata mwaka 1987. Kazi yao ni tatu: kuthibitisha kwamba sarafu si bandia, kuipa daraja kwa kipimo cha 1 hadi 70, na kuifunga katika kisanduku kigumu chenye namba ambayo mtu yeyote anaweza kuihakiki kwenye intaneti. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1949 na William Sheldon kwa ajili ya senti kubwa za zamani za Marekani, kwa hesabu kwamba sarafu ya daraja la 70 ingeuzwa mara sabini ya ile ya daraja la 1. Hesabu yenyewe ilikufa zamani, lakini namba zimebaki. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikupita mikononi mwa watu sokoni, na hapo ndipo tofauti ya namba moja inaweza kubadilisha bei mno.

Faida kubwa ya huduma hii kwa mtu wa Mombasa, kwa maoni yangu, ni ule uthibitisho kuliko namba. Mnunuzi aliye London hakujui wala hamjui nyanya yako, naye ana haki ya kushuku. Cheti humwondolea shaka. Hata hivyo kuna ada ya kupima, nauli ya kwenda na kurudi, bima, na pengine maswali ya forodha parcheli inaporudi. Ukizijumlisha gharama hizo kwa kila sarafu, utaona kwamba shilingi za simba, zilizoanza kutolewa mwaka 1921 na kutengenezwa kwa wingi, hazistahili safari hiyo: fedha iliyomo katika zile za mwanzo ni robo tu, na gharama itaishinda bei ya sarafu. Kanuni yangu ni kutopeleka sarafu ambayo bei yake haifiki walau mara nne au tano ya gharama zote. Hapo binamu yako amekosea.

Rupia ni jambo jingine. Hiyo ilitolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake mwaka 1888 na kuitawala pwani hii mpaka 1895, na inatafutwa na wakusanyaji wa nchi nyingi. Kuijaribu hapa nyumbani ni rahisi kuliko udhanivyo. Mpelekee sonara mwenye mizani ya kuaminika. Rupia ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, nao ndio uzito wa tola moja ambayo masonara wetu wanaijua vyema; iliyotumika sana hupungua kidogo, lakini ikipungua gramu nzima ishuku. Isogezee sumaku: fedha haivutwi. Kisha itazame ukingoni kwa kioo cha kukuzia, kwani bandia iliyomiminwa katika kalibu mara nyingi huwa na mstari wa maungio na vitundu vya hewa.

Kuna jambo ambalo binamu hakulitaja. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Rupia yako na pesa zako za mizani zimo humo. Basi fika kwanza kwa maofisa wa makavazi pale Fort Jesus, uulize, kabla ya kufika posta.

Ama hizo pesa za shaba, zitazame mwaka wa Kiislamu. Zenye 1299 au 1304 ni za Sayyid Barghash wa Unguja, na zenye 1306 ni za Mombasa. Sitini na nne zilifanya rupia moja, na ndizo zilizotuachia neno tunalolitamka kutwa kucha. Zinapatikana kwa wingi. Ziweke kwa ajili ya wajukuu.

SWALI: Nina senti kumi ya tundu ya mwaka 1936 yenye jina la Mfalme Edward VIII, ninayoiweka katika kimfuko laini cha plastiki. Nimeambiwa ni adimu kwa sababu alitawala chini ya mwaka mmoja. Je, niipeleke kupimwa? – Msomaji, Likoni

JIBU: Kisa ni cha kweli, uadimu si wa kweli. Kwa kuwa senti zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, jina lake liliwahi kuandikwa kwenye senti tano na senti kumi kabla hajajiuzulu Desemba 1936, ilhali Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikutolewa kwa umma. Lakini zetu zilitengenezwa kwa mamilioni. Usilipe ada yoyote, ila kama yako inang'aa kama ya jana bila kuguswa na ndimu. Itoe katika kile kimfuko laini cha plastiki ulichokitaja, kwani baadhi ya plastiki hizo, kwa joto na unyevu wa pwani, hutoa utelezi wa kijani unaoila sarafu. Itie katika bahasha ya karatasi kavu, uiweke mbali na dirisha la baharini.