Una siku moja tu Edinburgh? Nenda South Queensferry

Kuna dada kaniandikia juzi inbox, anakuja Edinburgh kikazi, kabakiwa na siku moja ya kuzurura na anauliza apande lile basi la watalii la kwenda ziwa la Loch Ness au afanyeje. Dada yangu usipande. Kwenda na kurudi ni kama masaa 12, muda mwingi umekaa kwenye siti shingo imepinda, afu jioni unasema umeiona Scotland.

Panda treni pale Waverley, stesheni kuu ya Edinburgh, shuka Dalmeny, ndo stesheni ya mji mdogo wa South Queensferry, nusu saa haifiki. Kutoka stesheni kuna ngazi zinashuka kwenye miti mpaka kwenye maji, na ukifika chini unakuta daraja la reli, Forth Bridge, lipo juu ya kichwa chako, jekundu, kubwa kiasi kwamba simu haiwezi kulimaliza lote. Mimi nilisimama pale nimeganda. Nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la familia, kaka yangu akajibu "yaani nauli yote hiyo ya ndege umeenda kuangalia daraja la treni?" wakacheka wote, na shangazi naye akaweka emoji. Iliniuma jamani, mpaka leo wakinitania kwenye shughuli nacheka tu kwa adabu.

Manake hawajui. Desemba 28, 1879, daraja la mto Tay kaskazini ya hapo lilianguka usiku wa dhoruba treni ikiwa juu, hakupona mtu. Aliyelichora, Thomas Bouch, ndo huyohuyo alikuwa ameshapewa na kazi ya daraja la kuvuka Forth, yale maji ya hapo Queensferry! Akanyang'anywa, wakapewa John Fowler na Benjamin Baker, na watu walikuwa na hofu kiasi kwamba ilibidi daraja jipya lionekane kwa macho tu kwamba halianguki. Ndo maana lina mivyuma minene vile, zaidi ya tani 50,000 za chuma. Lilifunguliwa Machi 1890 na treni zinapita mpaka kesho. Vibarua na mafundi 73 wanajulikana kufa kwenye ujenzi, wana mnara wao wa kumbukumbu pale, mimi nilisoma majina mpaka macho yakaingia maji (upepo pia ulichangia, ule upepo hauna huruma, beba jaketi la kuzuia upepo hata kama ni Julai). UNESCO wakaliweka kwenye urithi wa dunia 2015. Sasa kaka, hilo ni daraja la treni tu?

Na mji wenyewe ni mkongwe kuliko daraja. Malkia Margaret, aliyefariki 1093, ndo anasifiwa kwa kuweka kivuko hapo cha kuwavusha mahujaji waliokuwa wanaenda St Andrews, na vivuko vikaendelea mpaka 1964 daraja la magari lilipofunguliwa, vikasimama. Sie wa Kigamboni tumepata daraja na pantoni bado tunapanga foleni, kwa hiyo hilo nalielewa kwa mwili wangu. La tatu, Queensferry Crossing, ni la 2017. Ukisimama ufukweni unayaona yote matatu kwa mpigo, la karne ya 19, la 20 na la 21.

Halafu tembea High Street taratibu, ina mawe chini na maduka mengine yamekaa juu ya mengine, viatu vya kisigino acha hotelini. Samaki na chipsi nunua ukale nje, kwenye meza za dirishani unalipia maji unayoweza kuyaona bure. Jaketi nimeshasema? Beba.

Ndugu zangu, tunaoishi huku na mnaokuja kututembelea, tuache kuchagua safari kwa kuangalia nani ataweka like. Mtu anavuka bahari halafu anaenda tu kule ambako jina lake analijua tayari ili wenzake wamwelewe. Muda wako, hela yako, kwa nini grupu ndo likupangie?

Kama hali ya hewa nzuri panda boti ya kisiwa cha Inchcolm, inatoka gati la Hawes Pier, inapita chini ya daraja, mnaona sili wamejilaza, na kisiwani kuna magofu ya abasia (makao ya watawa) ya zamani. Ila dada wewe umesema unakuja Januari, boti za kisiwani ni za kuanzia kama Pasaka mpaka Oktoba hivi, kwa hiyo badala yake rudi juu Dalmeny, vuka daraja kwa treni mpaka North Queensferry, ni kituo kimoja tu, kaa dirishani. Ukirudi niandikie, na picha nitumie mimi, usitume kwenye grupu lenu.