Maswali Yenu: Kilifi Huendwa kwa Saa ya Maji

SWALI: Desemba tutakuwa Watamu, Kilifi, siku 4, mimi, mume wangu na watoto wa miaka 9 na 12. Tunataka bahari, magofu ya Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke, hori la Mida na bonde la Marafa. Tumepanga mahali pamoja asubuhi na pengine alasiri, kwa kufuata ramani. Tutafaulu?
– Msomaji, Nakuru

JIBU: Siku 4 zinatosha, dada, lakini ramani itawapoteza. Watamu, Gede, Mida na msitu vimekaribiana. Umbali si tatizo. Siku ya Kilifi hupangwa na maji ya bahari na jua, kwa hiyo kabla hamjalipia chochote, tazameni mwezi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua. Bahari hujaa sana na kupwa sana, tofauti hufika mita 3 na zaidi, na maji kupwa huangukia kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na maji hupwa karibu saa 10 na nusu, alfajiri na tena jioni. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mkijua hayo mawili mmeshajua nusu ya safari.

Wekeni siku ya bahari kwenye bamvua. Mwe ndani ya boti kufikia saa 3 asubuhi. Maji yakipwa, mwamba wa nje unavunja mawimbi, ndani kunatulia, na matumbawe yanakuwa karibu na miwani ya kupigia mbizi. Ukienda maji yamejaa, unaelea juu ya kina kirefu chenye ukungu wa mchanga na watoto hawaoni kitu. Valisheni watoto viatu vya kufunga, si ndara, kwa sababu ya miiba mirefu myeusi iliyojificha kwenye mashimo ya mwamba. Watamu ni hifadhi ya bahari tangu 1968: kome na makombe hayachukuliwi, hata yaliyo matupu.

Alasiri ya siku hiyohiyo ni ya Mida, kwa kuwa maji yanarudi. Anzeni saa 8 mchana, matope yakiwa bado wazi. Tazameni chini ya mti wa mchu: mizizi imetoka matopeni imesimama wima kama penseli, mamia kwa mamia, ndiyo mti unavyovuta hewa. Mkoko mwenzake umejishikilia kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Kadiri maji yanavyopanda, ndege wanaokimbia baridi ya kaskazini, walioko huku kuanzia Oktoba hadi Aprili, wanabanwa kwenye vipande vya matope vilivyobaki na kusogea karibu nanyi. Kosa linalorudiwa kila msimu ni kupanda mtumbwi wakati maji yanatoka. Mtumbwi unakwama, na matope ya Mida humeza mguu hadi gotini. Hapo ni kungoja bahari irudi, saa kadhaa juani na watoto.

Msitu ni wa asubuhi: saa 12 hadi saa 3, na mwongoza watalii wa hapo. Si adabu tu. Ndani mna tembo. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 420, na ukitembea toka mashariki kwenda magharibi unavuka misitu mitatu: mchanganyiko wa miti, kisha miti ya mrihi juu ya mchanga mweupe, kisha vichaka vizito juu ya udongo mwekundu. Sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo wa msituni, ana mdomo mrefu unaochezacheza, na huwa mnamsikia kwanza: majani makavu yanachakarika, kisha kimya. Msipige kelele. Mkitoka huko ingieni Gede, maana magofu yako chini ya miti mikubwa na kivuli kinavumilika hata saa 5. Mji huo ulihamwa karne ya 17, na tangu 2024 umo katika Urithi wa Dunia. Chunguzeni visima vyake: kina chake kinaeleza shida ya maji iliyokuwako.

Marafa ipeni alasiri ya siku nyingine. Soma jibu la tatu.

SWALI: Nilikuja Malindi Novemba, bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ni uchafu wa mji?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, ndugu, ni udongo wa bara. Mto Sabaki ndio ule unaoitwa Athi unapoanzia nyanda za juu upande wa Nairobi, ukaitwa Galana ukipita Tsavo. Mvua za vuli huuletea udongo mwekundu wa mashamba, nao unamwagika kaskazini kidogo ya Malindi. Kaskazi inapovuma mkondo unauvuta udongo kusini, moja kwa moja hadi ghuba ya mji. Kusi inausukuma kaskazini. Ukitaka maji maangavu miezi hiyo, shuka Watamu.

SWALI: Nasafiri kwa matatu. Je, Marafa inawezekana kwa siku moja kutoka Malindi?
– Msomaji, Eldoret

JIBU: Kwenda ni rahisi, kurudi ndiko kunakobana. Barabara inafuata njia ya Lamu, inavuka Sabaki, kisha inaingia kushoto kuelekea bara. Uzuri wa Nyari, kama Wagiriama wanavyoliita bonde hilo, huonekana kuanzia saa 10 na nusu jioni, jua la pembeni linapowasha tabaka za mchanga: nyeupe, waridi, chungwa, nyekundu. Saa 6 mchana rangi hizo zimefifia na joto la chini ya bonde halifai. Lakini jua likizama magari ya kurudi ni ya kubahatisha. Patana na dereva au bodaboda akungoje, bei ya kwenda na kurudi, kabla hujaondoka Malindi. Au lala hukohuko. Chukua maji lita 2 kwa mtu. Usikanyage kingo: ni mchanga ulioshikana tu, mvua ndiyo iliyouchonga na bado inauchonga, na ukingo unaoonekana mgumu unaweza kuwa mtupu kwa chini.

SWALI: Kaya za Wamijikenda, ile misitu yao mitakatifu, zinaingilika?
– Msomaji, Kisumu

JIBU: Kwa idhini ya wazee, na pamoja na mmoja wao. Uliza kwanza kijijini, usiingie kwa njia ya mkato. Utaambiwa nini kivaliwe, wapi pasipigwe picha na wapi pasifikiwe. Usivunje hata kijiti kikavu. Huko hakuna kuni za kuokota.