Makala tisa, zikahesabiwa mbili

Juzi mhadhiri kijana ameniandikia: "Dokta, shikamoo. Nina makala sita, mbona chuo kinaiona moja tu?" Nilicheka, kisha roho ikaniuma, maana yangu yalikuwa makubwa zaidi.

Mwaka nilioomba uhadhiri mwandamizi hapa Dodoma, mkuu wa kitengo cha utafiti alitutupia jedwali ukutani, kikao kimejaa. Jina langu lilikuwa chini kabisa: makala mbili. Mbili! Mimi niliyekula vumbi la Chamwino misimu minne nikihesabu masuke ya uwele. Nilikuwa nazo tisa. Jirani yangu akaninong'oneza, "Pole, dada." Pole ile sijaisahau hadi leo.

Nusu ya kosa ni langu. Kabla ya ndoa niliandika kwa jina la baba, baadaye la mume, mara nyingine herufi za mwanzo tu. Chuo nacho nilikiandika kwa kifupi, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, ilivyonijia. Scopus, hifadhidata inayohesabu makala za watafiti, hawakuja harusini kwako. Wanaona watu watatu wa vyuo vitatu. Na siku chuo kinapopimwa, makala isiyobeba jina lake inavyotakiwa imekwenda na maji.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chukua namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti chenye tarakimu 16, ni bure. Chagua jina moja, ufe nalo. Kisha safisha ukurasa wako wa Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma. Wangu ulionyesha makala zilizonukuliwa mara 12, 7, 5, 3 na 2, nyingine sifuri. Kwa fahirisi ya h, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, nilikuwa na 3, yaani makala tatu zilizonukuliwa angalau mara tatu kila moja; sikufika 4 kwa kuwa makala ya nne haikufikisha manukuu manne. Kumbe zile mbili zenye manukuu 3 na 2 ni makala ileile, kichwa kimekosewa herufi. Nikaziunganisha, manukuu yakawa 5, na h ikawa 4. Sikuandika hata sentensi moja! (Ndiyo mizani tunayopandishiwa vyeo, jamani.)

Ila msikimbilie majarida yanayopokea dola leo na kuchapisha kesho, wala kujinukuu wenyewe kila aya. Vijana, acheni hiyo tabia. Jina moja, nasema tena, jina moja.

Yule kijana nilimwambia anitumie orodha yake. Ameituma jana usiku: makala sita, majina manne.