Kwa mwalimu mpya wa somo la falsafa: anza na mwezi

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa mwaka huu utangulizi wa falsafa, nakuandikia kabla hujaingia darasani. Siku yangu ya kwanza, hapa Unguja, niliandika ubaoni matawi ya falsafa: metafizikia, epistemolojia, mantiki, maadili, falsafa ya siasa, ujumi. Kila jina na fasili yake. Wanafunzi walinakili kimya, na kwenye mtihani wakanirudishia maneno yangu yale yale. Muhula mzima hakuna aliyeuliza swali, na kosa lilikuwa langu.

Sasa naanza na mwezi. Vijana wetu wamekulia kwenye ubishi wa muandamo: huyu anafungua kwa mwezi ulioonekana hapa, yule kwa habari ya mwezi ulioonekana nchi nyengine. Usiwaulize nani yuko sahihi. Hilo wana masheikhe wao. Waulize: shahidi akisema ameuona, sisi tuliokuwa ndani tumejua, au tumemsadiki tu? Na hesabu za falaki zikisema hauwezi kuonekana, tushike jicho au hesabu? Waache wabishane, kisha ndiyo uwaambie kwamba swali la kujua ni nini lina tawi lake, epistemolojia. Hapo Plato, aliyetenganisha kujua na kuwa na rai iliyoangukia kwenye kweli, atawaingia. Hata mwanafalsafa Edmund Gettier nawafundisha, aliyeonyesha mwaka 1963, kwa makala ya kurasa tatu, kwamba mtu anaweza kuamini jambo la kweli, tena kwa sababu nzuri, na bado ikawa hajalijua. Mfano mwepesi ni wa aliyetazama saa iliyosimama, ikasadifu ndiyo saa yenyewe.

Kwa metafizikia, tawi linalouliza vitu ni nini hasa na nini hukifanya kitu kiwe kile kile, wapeleke Forodhani walitazame jumba la Beit al-Ajaib. Lilijengwa 1883, zama za Sayyid Barghash. Baada ya mizinga ya Waingereza ya 1896 likaongezwa mnara wa saa, na Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka. Likijengwa upya kwa mawe mapya, ni lile lile? Wengi watasema ndiyo. Basi uliza: na mawe ya zamani yakichukuliwa kujengea jumba la sura ile ile Chake Chake, lipi ndilo?

Mantiki iwe ya kila siku. Upepo ukiwa mkali, boti ya Pemba haiondoki, leo haikuondoka, basi upepo ni mkali. Darasa zima litakubali, mpaka mmoja akumbuke kwamba boti huharibika injini. Ujumi, tawi la uzuri na sanaa, mimi huupitia kwa wimbo mmoja wa taarabu, nikiuliza uzuri wake umo kwenye fumbo au kwenye sauti.

Jihadhari na maneno tuliyoyazoea. Mtaani “falsafa” ni msimamo wa mtu, kama falsafa ya kocha. “Maadili” ni adabu, kwa hiyo wanafunzi watakaa wakisubiri nasaha. Waambie mapema kwamba hapa tunauliza kwa nini jambo liwe baya, hata lile ambalo sote tunakubaliana ni baya.

Atakuja pia mwanafunzi, mara nyingi mmoja wa walio makini zaidi, akuulize faragha kama somo hili litamharibia imani. Usimpuuze wala usimcheke. Mweleze kuwa Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, aliwapinga wanafalsafa vikali, lakini mantiki aliikubali na akaitungia vitabu; na Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu, akaja kumjibu kwa hoja. Mimi huwa natulia naye mpaka amalize yaliyomo moyoni.

Zoezi langu la mwisho ni karafuu. Sheria inataka ziuzwe kwa shirika la serikali, na magendo ya kuzivusha kwenda Kenya ni habari ya miaka mingi. Nampa kila mwanafunzi kisa cha mkulima aliyeahidiwa bei kubwa ng’ambo, naye ana mtoto wa kulipiwa ada. Sitaki majibu, nataka maswali matatu, kila moja la tawi lake, na maswali ndiyo ninayosahihisha. Mwaka jana msichana mmoja wa Wete aliandika: “Karafuu huacha lini kuwa ya mkulima: ikiwa mtini, ikiwa juani kwenye jamvi, au ikifika kituoni?” Wenzake walibishana swali hilo ni la tawi gani mpaka ikaadhiniwa adhuhuri.